Usiingie Karra Kabla Guyo Hajamaliza Salamu

Nyinyi vijana wa kikundi cha matembezi, na wengine watakaokuja nyuma yenu, someni hii mkiwa mmekaa chini. Mlikuja kwangu mkaniambia, "Akko, tuandikie ukurasa mmoja tu, mtu apange vipi siku yake akitaka kutembea Karra. Iwe fupi. Sema ni matembezi rahisi." Akko ndiyo nyanya kwetu, na nyanya amekataa ukurasa mmoja. Na hilo neno rahisi nitalirudia, maana limenikaa kooni tangu siku mlipolipaka rangi kwenye ule ubao wenu.

Jina langu ni Tume. Shule niliiacha mapema kwa sababu mbuzi walikuwa wengi na wasichana walikuwa wachache. Nikikosea kuandika, msome nilichotaka kusema.

Kwa asiyepajua, Karra kwa Kiborana ni mlango. Ni ufa kwenye mwamba huko nyuma ya Kinna. Laga imepita humo tangu zamani mpaka ikakata jiwe kama kisu kinavyokata sabuni. Laga ni mto wa mchanga, siku nyingi hauna hata maji ya kunawa uso. Ndani ya Karra kuta zimepanda juu kushinda mnara wa msikiti, na kuna mahali huwezi kunyoosha mikono, ukikunja viwiko tu vinagusa huku na huku. Kuna baridi humo hata saa sita mchana wakati nje kuku wanahema. Mawe yana rangi ya nyama, ya maziwa, ya moshi, yamepindapinda. Ni mahali pazuri, sikatai. Mbuzi wetu walikuwa wanapita humo kwenda visimani kabla hajatokea mtu wa kutoka mbali kuja kutazama mawe.

Kaunti ilipokuja, wageni nao wakaja. Kwanza maofisa wenye viatu vya kung'aa, halafu walimu, halafu watu wa kanisa kutoka Isiolo mjini, mwishowe wazungu. Mtu wa kuwapitisha hakukuwa. Mimi nilikuwa napita hata hivyo na mbuzi wangu, basi wakanifuata. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Hakuna aliyeniandika, hakuna aliyeniachisha, magoti ndiyo yaliniachisha.

Sasa mtu anapanga vipi siku yake?

Aanze na miguu. Viatu vipya aviache nyumbani, sijali vimetoka wapi. Nilimpitisha bwana mmoja ambaye soli zake zilikuwa ngumu kama sahani. Kila jiwe alilokanyaga lilimrudisha alikotoka. Tulipofika kati alikuwa amekaa kwenye mchanga amevua vyote viwili, anavilaani. Nikampa akala za marehemu mume wangu, zile za tairi, nilizokuwa nimezibeba kwenye kikapu. Alitoka Karra akitembea kama mtu. Akala hazikunirudia. Mpaka leo nikimwona mtu wa umbo lake mjini naangalia miguu kwanza.

Mkoba uwe mdogo na uvaliwe mbele, kifuani. Ukiuvaa mgongoni utafika pale panapobana, wewe utapita na mkoba utabaki, na wewe umefungwa kwa mkoba. Nimewahi kumkata mtu kamba za begi kwa kisu cha kuchinjia, na alinikasirikia, ati begi lilikuwa zawadi. Nilimwambia, "Basi kaa nalo."

Usijipake marashi. Kuna nyuki kwenye nyufa za juu, wamekuwa hapo kabla yangu. Hawana shida na jasho, wamezoea jasho. Marashi ndiyo wanataka kujua yametoka wapi. Mwalimu mmoja alikuja ananukia kama duka zima la Eastleigh, nikamwambia ajipake mavi ya mbuzi kidogo hapa shingoni na hapa. Alicheka. Alipotoka alikuwa amefura jicho moja na hacheki tena. Wenzake walijipaka bila kuambiwa mara ya pili.

Maji ya kunywa ubebe yako na ya mwenzako mmoja mjinga, maana kila kundi lina mmoja. Uingie asubuhi mapema, jua likiwa bado halijapata nguvu. Na kabla hujaingia weka tawi la kijani katikati ya mlango wa chini. Tawi likiwa pale, mchungaji anayekuja na wanyama anajua kuna watu ndani, atangoja au atapiga mluzi. Ukitoka, uliondoe. Usipoliondoa, mtu atangoja na mbuzi wenye kiu mpaka jioni, na laana yake itakufuata, na mimi nitaongeza yangu juu. Ukikutana na mbuzi ndani, wewe ndiye unayejibandika ukutani. Wao wanaenda kunywa maji. Wewe unaenda kupiga picha.

Hayo yote yangetosha ukurasa wenu mmoja. Na mngeyafuata yote, bado mngeweza kufa.

Aliyenifundisha Karra ni mama mkwe wangu, Dabo. Mwanamke mrefu, mkavu, maneno yake yalikuwa machache kama nywele za ngamia mzee. Mara ya kwanza kunipitisha aliniambia nitazame juu. Nikaona vijiti vimekwama kwenye nyufa, majani makavu, hata fuvu la mbuzi, juu sana, mahali mtu akisimama kwenye mabega ya mwenzake hafiki. Miaka mingi baadaye ofisa mmoja aliniuliza ni ndege gani anajenga hapo. Nikamwambia si ndege. Ni maji yaliyaweka hapo yakipita. Akaanza kutembea mbele yangu, haraka.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninyi mnaponichosha. Mvua inayoua Karra hainyeshi Karra. Inanyesha huko juu, upande wa milima, mbali, na wewe uko chini unakaangwa na jua. Ukitazama juu ukiwa ndani, unaona mbingu kipande chembamba kama utepe, na ni buluu safi. Hiyo buluu haikusaidii kitu. Kwa hiyo mtu wa huku chini lazima aongee na mtu wa huko juu kabla hajaingia. Dabo alikuwa anakaa pale kisimani anangoja mtu yeyote aliyetoka juu, hata mtoto, hata mwizi wa ngamia, anamsalimia mpaka mwisho, ndipo tunapita.

Nasema mpaka mwisho. Mnajua salamu zetu, au mlijua kabla hamjanunua simu. Kwanza ni amani yako. Halafu ya nyumba. Halafu ya watoto, ya wazee, ya mgonjwa kama yupo. Halafu mifugo, aina kwa aina. Halafu malisho, halafu maji. Kila kitu kinajibiwa nagaa, amani, hata kama mtu anatoka kuzika. Hiyo ni adabu, humrushii mtu mzigo usoni kabla hajakaa. Salamu zikiisha, mnanyamaza kidogo. Ndipo habari zinatoka. Kwetu habari haziji kabla ya salamu kuisha, na hakuna mzee wa huko juu atakayekubadilishia hilo kwa sababu wewe una haraka.

Simu zilipokuja, kazi ikawa rahisi kwangu, hilo nakubali. Huko juu yuko Guyo, rika moja na marehemu mume wangu, mtu wa ng'ombe, mwenye hasira karibu. Kwake hakuna mtandao isipokuwa juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya boma, na kila asubuhi alikuwa anapanda hilo jiwe kwa fimbo yake, anakaa, anangoja niite. Tulikuwa tunasalimiana mpaka chai yangu inapoa. Siku moja nilimaliza naye kila kitu, mvua hakuna, wingu hakuna, na mwishoni kabisa, baada ya kunyamaza, akasema, "Ah, na ndugu yangu anashusha ngamia leo kupitia Karra, kundi zima." Mimi nisingeuliza hilo hata siku moja. Nani angefikiria kuuliza ngamia? Salamu ndizo zilimkumbusha. Niliwarudisha wageni wangu nyumbani wakanywa chai, wakanuna, na ngamia wakapita. Mngeona upana wa tumbo la ngamia na upana wa Karra, msingeniita mwanamke mgumu.

Magoti yalipokataa, kazi nikampa mjukuu wangu Kabale, binti wa mwanangu Hassan. Nilimwona ndiye. Amechunga humo tangu mdogo, anajua kila jiwe, anaongea na wageni vizuri kunishinda, hana woga wala mikogo. Nilimpa kikapu, nikampa kamba, nikampa namba ya Guyo. Nikamwambia kila kitu nilichowaambia ninyi hapa. Aliitikia vizuri, "Ndiyo, Akko."

Halafu mkaja ninyi na ubao wenu.

Siku hiyo walikuja kina mama kutoka mjini, wafanyabiashara, watu wa kanisa, wamevaa fulana za rangi moja. Kiongozi wao ni Mama Shiru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwanamke mkubwa, mwenye kicheko kikubwa. Walipita kwangu kunisalimia, na nyanya kwao ni cucu.

"Habari ya hapa, cucu?"

"Nzuri. Karibuni chai."

"Chai tutakunywa tukirudi. Tumeambiwa ni matembezi rahisi, si ndiyo? Maana mimi na hili tumbo, ikiwa si rahisi nitabaki kwa gari."

"Nani amekuambia rahisi?"

"Iko kwa ubao hapo nje."

Nilimtazama Kabale, naye akatazama viatu vyake. Wakaondoka.

Nilikuwa naosha sufuria simu yangu ilipoita. Ilikuwa Guyo. Nikashangaa, maana Guyo hapigi, anapigiwa.

"Nagaa?" akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ngozi iliyoanikwa.

"Nagaa."

"Nyumba nagaa?"

"Nagaa."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa, Guyo."

"Una uhakika watoto ni nagaa? Mimi nafikiri kuna mtoto mmoja hapo ana ugonjwa wa masikio."

Nikajua kuna jambo. Lakini huwezi kumrukia Guyo. Ukimrukia anateremka jiwe lake na humpati mpaka kesho. Nikaweka sufuria chini, nikamfuata. Ng'ombe, nagaa. Mbuzi, nagaa. Yule ndama mwekundu, nagaa. Mke wake mgongo, nagaa. Malisho, akasema yatakuja. Maji, akasema, "Maji ni nagaa kabisa." Nilisikia hiyo kabisa ikiingia mgongoni kama maji baridi. Tukanyamaza, kama inavyotakiwa, na ule unyamavu, wajukuu zangu, nimezaa watoto kwa uchungu mfupi kuliko ule.

Ndipo akasema, "Mungu ametukumbuka. Imetupiga tangu alfajiri, inapiga bado. Laga imejaa ng'ambo mpaka ng'ambo, ng'ombe wamekunywa wakiwa wamesimama mlangoni kwangu. Sasa nikueleze kuhusu huyo mjukuu wako. Nimepanda jiwe, nimelowa, nimefurahi, nataka kumpa habari njema, na katikati ya salamu, katikati, Tume, ananikatia simu. Nikampigia. Naambiwa hapatikani. Mimi, hapatikani. Umelea nini hapo?"

Ndani ya Karra hakuna mtandao. Hapatikani maana yake ameshaingia.

Sikumkata Guyo. Nilimpa simu mke wa Hassan, Safia, aliyekuwa anapepeta mchele, nikamwambia, "Msikilize mpaka amalize, na kila akisema neno wewe mkubalie." Nikachukua lesso zote zilizokuwa kwenye kamba ya kuanikia, zilizokauka na zilizolowa, nikasimama katikati ya barabara mbele ya pikipiki ya kwanza niliyoiona.

"Akko, utagongwa."

"Nipeleke Ngazi."

"Kwa ile njia ya mawe? Pikipiki itavunjika."

"Itengenezwe baadaye. Twende."

Ngazi ni mahali pamoja tu, kati ya mlango wa chini na wa juu, ambapo ukuta umevunjikavunjika vidaraja na mbuzi wanaweza kupanda kutoka. Hakuna kwingine. Mtu ambaye hajui Ngazi iko wapi asiongoze hata kuku. Kijana aliniendesha juu ya mwamba, mimi nyuma nikiwa na mzigo wa lesso kama mwanamke anayehama kwa mume, na njia nzima nilikuwa namtukana Kabale kwa sauti. Kijana akafikiri namtukana yeye, akawa anasema, "Pole, Akko, pole," kila tukipiga jiwe.

Nilipofika ukingoni nikachungulia. Hawakuwa pale chini. Walikuwa wamepita, wameenda mbele kwenye ile kona yenye mwanga mzuri, kule watu wanakopigia picha. Sikuita jina. Ukiita jina mle ndani, kuta zinalivunja, mtu anasikia makelele tu anaanza kutazama huku na huku. Nikaweka vidole mdomoni nikapiga ile sauti ya kupandisha mbuzi. Ni sauti ndefu, halafu fupi fupi, halafu ndefu. Kabale ameisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Mbuzi wakiisikia hawaulizi. Nilipiga, nikapiga, meno yangu yaliyobaki yakauma.

Na wakatokea. Hilo nitampa Kabale, nimeshamwambia na nitalirudia hapa. Hakuuliza. Aliwageuza wale kina mama papo hapo, akawaleta mbio, mwepesi mbele mzito nyuma, yeye mwenyewe mwisho kabisa. Nilikuwa nimeshafunga lesso moja kwa nyingine, ncha moja nikamfunga kijana wa pikipiki kiunoni, nyingine nikaitupa chini, nikalala kwa tumbo.

Wa kwanza akapanda, wa pili, wengine. Walikuwa wanauliza nini, nini, na mimi nasema panda, panda. Kisha upepo ukatoka. Hicho mkishike: maji hayaji kwanza, upepo unakuja kwanza. Unatoka kwenye kona ukisukumwa, baridi, unanuka udongo mpya na mavi ya zamani. Baada ya upepo kuna mlio kama malori mengi mbali kwenye lami ya Moyale. Baada ya hapo huna baadaye.

Aliyebaki chini ni Mama Shiru, na Kabale nyuma yake.

"Kikapu changu," Mama Shiru anasema. "Kuna chupa ya chai mle, ya harusi yangu."

"Mama, wacha chupa," Kabale anasema. "Weka mguu hapa. Si hapo, hapa."

"Siwezi. Mimi ni mkubwa."

"Mbuzi mwenye mimba anapanda hapa, mama. Weka mguu."

"Unaniita mbuzi?"

"Ndiyo. Panda."

Akapanda. Kabale alimtia bega chini akasukuma, mimi na wale wa juu tukavuta, fulana ikapasuka, lesso moja ikapasuka, na Mama Shiru akaja juu ukingoni akanilalia mkono. Na maji yakatokea kwenye kona. Hayakuwa na rangi ya maji. Yalikuwa kahawia, mazito, yamebeba mti mzima wa miba na mizizi yake, yamebeba mawe, yalikuwa yanatembea wima kama ukuta mwingine. Yalimkuta Kabale kwenye kidaraja cha pili. Yalimfika kiunoni na miguu ikamtoka. Nikamshika nywele. Sikuwa na kitu kingine cha kushika. Nilishika nywele za mtoto wangu kwa mkono mmoja, mwingine uko chini ya Mama Shiru, na nikawa nafikiri, kwa ajili ya salamu. Huyu anakufa hapa kwa ajili ya salamu.

Wale kina mama walimshika mikono wakamtoa. Kabla hajafungua macho vizuri nilimzaba kofi. Halafu nikamfunika lesso iliyolowa na nikakaa juu ya mawe.

Mama Shiru alikuwa anatazama chini, chupa yake inaenda. "Yesu," akasema pole pole. Mimi nikasema alhamdulillahi. Halafu akageuka kwangu na fulana yake iliyopasuka. "Cucu, ile rahisi imeandikwa na nani?"

Ninyi ndio mliandika. Nimesema nitalirudia, nimelirudia.

Tulipofika nyumbani sikumwuliza Kabale kitu mpaka alipopata nguo kavu na uji. Kisha nikamwuliza.

"Nilimpigia, Akko," akasema. "Wallahi nilimpigia. Nikamwuliza nyumba, nagaa. Watoto, nagaa. Ng'ombe, nagaa. Kila kitu nagaa. Na wale wako kwa gari wananingoja, mmoja anapiga honi. Nikaona basi kama kila kitu ni amani, ni amani. Nikamwambia Guyo, baadaye. Nikakata."

"Ulifika wapi?"

"Mbuzi."

"Umebakiza nini baada ya mbuzi?"

Akafikiri. Machozi yakaanza. "Malisho. Na maji."

"Na maji," nikasema. "Sasa niambie, ulitaka Guyo akuambie mvua ni shida? Ng'ombe wake walikuwa wanalamba mawe. Mvua kwake ni amani kuliko amani zote. Alikuwa anakuja nayo mwishoni, kama mtu anavyoacha nyama mwisho wa sahani."

Hassan, baba yake, akaingilia, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi, maana Kabale alikuwa na hofu, lakini Hassan alikuwa na wazo. Akasema, "Mama, tusirefushe. Tumwambie mzee Guyo kuanzia sasa, akipigiwa, aseme mvua kwanza. Au atume ujumbe, ndiyo au hapana." Na ninyi kikundi kesho yake mkanijia na jambo lile lile, mnataka kuongeza kwenye ubao: piga simu juu, uliza mvua.

Nitawajibu mara moja hapa, ili nisijibu tena. Ukimwuliza mtu swali moja atakujibu swali moja. Hutajua kwamba ukingo wa bwawa la huko juu umeanza kuvuja maji. Hutajua kwamba ngamia wanashuka. Hutajua kwamba huko kwake kukavu lakini jana jioni aliona radi nyuma ya kilima. Hujui cha kuuliza, ndiyo maana unamwacha aongee. Na kuna kingine. Guyo si mashine ya kupima mvua. Ni mzee anapanda jiwe lililolowa kila asubuhi ili watu asiowajua wasife. Hakuna anayemtuma. Kinachompandisha ni kwamba huku chini kuna mtu atamwuliza mke wake mgongo vipi. Siku mtakapomwuliza mvua tu, atajibu wiki moja, mbili, halafu atabaki kwake akinywa chai. Na sitamlaumu. Na ninyi mtaingia Karra na mbingu buluu juu ya vichwa vyenu.

Nilienda kwake mwenyewe baada ya siku chache, njia ikikauka, nikaenda na Kabale, na sukari, na majani ya chai. Hakumsemesha Kabale mpaka alipomsalimia kuanzia juu mpaka chini, yule ndama mwekundu akiwemo. Kisha akanyamaza. Kisha akacheka, akasema, "Masikio yamepona." Hapo nikajua jiwe bado lina mwenyewe.

Kwa hiyo ubao wenu ung'olewe. Kama hamtaki kuung'oa, mfute neno rahisi, na msiweke neno jingine mahali pake, paachwe wazi watu waulize. Akala, mkoba mbele, tawi la kijani, Ngazi, upepo: hayo fundisheni mtu yeyote anayekuja, hata kwa nyimbo mkitaka. Lakini la simu si la ubao, ni la nyumba. Na kwangu nimeshalimaliza, siku ile ile, nguo za Kabale zikiwa bado zinadondoka maji kwenye kamba. Niliwasimamisha wote, Hassan, Safia, na Kabale na nywele zake zilizopungua upande mmoja, nikawaambia hivi: asubuhi ya matembezi, atakayempigia Guyo apige akiwa amekaa, chai ikiwa mkononi, na gari la wageni lipige honi mpaka betri ife. Katika nyumba hii, simu ya Guyo inakatwa na Guyo.